Skrini Kubwa za Viwanjani na Mitaani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kukaa nyuma ya skrini, si mbele yake. Magoli mengi nimeyajua kwa kelele za watu kabla sijageuka kuyaona. Maswali haya ndiyo ninayorushiwa kila tunapofunga mitambo: na mashabiki, na walinzi, na wenye shughuli, na watoto hasa, ambao ndio huuliza ya maana zaidi. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kwa mkato, maana hayana zaidi ya hapo.

Hii si televisheni tu, ila kubwa?

Hapana. Ukitaka kuhakikisha, isogelee mpaka pua ikaribie kuigusa. Picha itayeyuka. Utabaki na punje za taa zilizopangwa kwa mistari kama shanga, na ukikodoa macho utaona kila punje ina vitaa vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Nyeupe haimo. Njano haimo. Ule uso wa mchezaji uliouona kwa mbali, na jasho lake likimtiririka, nao haumo. Vyote hivyo jicho lako ndilo linalovichanganya ukirudi nyuma hatua kadhaa. Punje hiyo moja ndiyo tunayoiita pikseli.

Tena haina kioo kimoja kikubwa. Vipande vidogo vya plastiki vyenye taa, tunavyoviita moduli, hufungwa kwenye makabati ya chuma au alumini, na makabati hupangwa na kukazwa moja juu ya jingine kama matofali. Ukizunguka nyuma utakuta joto, feni zinazovuma, nyaya za umeme na kebo za data zinazotoka kabati hadi kabati. Kebo moja ikilegea, safu nzima inazima. Ndiyo maana wakati wa mechi hutaniona nimeshika soda. Mkono mmoja huwa na tochi.

Skrini hizi zilianza lini?

Kabla yake palikuwa na mbao za matokeo za balbu. Uwanja wa Astrodome mjini Houston ulipofunguliwa mwaka 1965 ulikuwa na ubao wenye urefu unaozidi mita 140, ukichora michoro kwa balbu za kawaida. Lakini video halisi ya rangi, ile ya kumwonyesha mchezaji anavyokimbia, ilifika mwaka 1980, kampuni ya Mitsubishi Electric ilipofunga Diamond Vision yake kwenye uwanja wa Dodger Stadium, Los Angeles. Miaka mitano baadaye Sony wakaja na JumboTron kwenye maonyesho ya Tsukuba, Japani: mita 40 kwa 25. Hadi leo kuna watu huita skrini yoyote kubwa Jumbotron, ingawa Sony waliacha kuzitengeneza mwaka 2001.

Skrini za kizazi hicho hazikuwa za LED, yaani vile vitaa vidogo vya skrini za leo. Zilitumia mirija midogo ya kioo, ndugu wa ile iliyokuwa kwenye televisheni zenye kisogo. Zilikuwa nzito, zinakula umeme bila huruma, na ghali kiasi kwamba ni viwanja vya matajiri tu vilivyozimudu.

Kilichozuia LED ni rangi moja tu. Taa nyekundu za LED zilikuwepo tangu mwaka 1962, na za kijani zikafuata, lakini bluu yenye mwanga wa kutosha ilikataa kwa miaka thelathini. Bila bluu hupati nyeupe, wala anga, wala rangi sahihi ya ngozi ya mtu. Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, akaipata, akijenga pia juu ya kazi ya Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kufikia mwaka 1997 kundi la muziki la U2 lilikuwa likizunguka dunia na skrini ya LED yenye upana wa karibu mita 50, ikifungwa na kufunguliwa mji baada ya mji. Sisi tunaofunga mitambo tunaijua kazi hiyo, nawavulia kofia.

P10, P6, P4: hizi herufi na namba ni za nini?

Hili ndilo swali ambalo mnunuzi angelianza nalo angeokoa pesa nyingi, lakini wengi huanza na "ina mita ngapi?"

Namba hiyo ni umbali kati ya pikseli moja na inayofuata, kwa milimita. P10 maana yake punje zimeachana milimita 10, kwa hiyo mita moja ya mraba ina pikseli 10,000. P5 ina 40,000. P4 ina 62,500. Namba ikishuka kidogo, idadi ya taa inapanda sana, na bei inapanda nayo.

Sasa piga hesabu. Skrini ya P10 yenye upana wa mita 10 na kimo cha mita 6 ina pikseli 1,000 kwa 600, yaani laki sita kwa jumla. Simu iliyo mfukoni mwako huenda ina zaidi ya milioni mbili. Naam, kile kidude cha mkononi kina punje nyingi kuliko ukuta ule wote! Watu hubisha nikiwaambia, mpaka tuhesabu pamoja. Lakini skrini ile haikutengenezwa itazamwe kwa umbali wa kiganja.

Mafundi tuna kanuni ya kichwani: milimita moja, mita moja. P10 ianze kutazamwa kutoka mita 10 na kuendelea, P4 kutoka mita 4. Si sheria ya maandiko, ila haijaniangusha. Kama mtazamaji wa karibu kabisa yuko mita 25 kutoka kwenye skrini, kumuuzia P3 ni kumlipisha taa ambazo macho yake hayataziona. Na kinyume chake: P10 kwenye ukumbi ambao safu ya kwanza imekaa mita 4 tu ni kuwaonyesha watu vidoti. Nimeona harusi ya namna hiyo. Bibi harusi alionekana kama ameshonwa kwa nukta.

Basi ukubwa gani unatosha?

Anza na mtu wa nyuma kabisa. Je, anahitaji kusoma matokeo na dakika, au anataka kuona mpira wenyewe? Herufi yenye kimo cha sentimita 25 inasomeka kwa raha kutoka kama mita 30. Ukifika mita 100 bado inasomeka, ila kwa kukaza macho. Mpira wa miguu kwenye picha ya mbali ni kitu kidogo mno, na kwenye skrini yenye pikseli chache unaweza kubaki punje mbili tatu nyeupe zinazokimbia. Hapo watu watakwambia "picha mbaya" wakati picha ni nzima, ila pikseli hazitoshi. Mwelekeze mpiga kamera asogeze picha karibu zaidi. Ni bure, na inasaidia kuliko kuongeza makabati.

Inawezaje kuonekana juani?

Kwa nguvu, na kwa ujanja kidogo. Nguvu hupimwa kwa niti. Televisheni ya sebuleni huwa na niti 300 hadi 500 hivi. Skrini ya nje inahitaji 5,000 au zaidi ili ishindane na jua la mchana.

Ujanja ni huu: skrini haiwezi kutoa weusi. Weusi wake ni uso wake yenyewe taa zikiwa zimezimwa. Jua likiupiga uso huo, nyeusi inageuka kijivu na picha nzima inapauka, hata uwe na niti ngapi. Kwa hiyo uso hutengenezwa mweusi usiong'aa, na juu ya kila mstari wa taa huwekwa kijikofia chembamba cha plastiki cha kuzitilia kivuli. Ukiwa chini unatazama juu, kijikofia hicho hakikuzuii. Ukiwa juu, jukwaa la ghorofani, kinaweza kukufichia sehemu ya mwanga.

Lakini dawa kubwa ni mahali pa kuisimamisha. Ukiielekeza magharibi, jua la jioni litaipiga usoni. Ukiielekeza mashariki, watazamaji ndio watakaopigwa. Kama nafasi inaruhusu, ielekeze kaskazini au kusini. Mara nyingi nafasi hairuhusu, kwa sababu jukwaa lilishajengwa kabla fundi hajaulizwa.

Usiku mambo hugeuka. Niti 5,000 gizani ni kumulikiwa na gari usoni. Skrini nzuri ina kihisi kinachopunguza mwanga jua linapozama, hadi niti mia chache. Kama haina, kuna mtu wa kuipunguza kwa mkono, na akisahau, majirani watamkumbusha.

Mbona nikiipiga video kwa simu naona mistari inayopanda na kushuka?

Kwa sababu taa zote haziwaki kwa pamoja. Huwashwa kwa zamu, safu kwa safu, maelfu ya mara kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera inayopiga kwa kasi hunasa safu zilizowaka na kuziacha zilizozimwa. Skrini inayojiwasha mara 3,840 kwa sekunde haisumbui kamera kama ile ya mara 1,920 au chini ya hapo. Yale mawimbi yanayofanana na ya kitambaa cha hariri hutokea pale gridi ya pikseli za skrini inapogongana na gridi ya pikseli za kamera. Sogea hatua mbili au geuka kidogo, yatapotea.

Kwa nini midomo na sauti haviendi pamoja?

Nuru hufika papo hapo, sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde. Ukisimama mita 170 kutoka kwenye spika, sauti imekuchelewa nusu sekunde. Mhubiri ameshafunga mdomo, wewe bado unamsikia. Kwenye mikusanyiko mikubwa huwekwa spika za katikati, nazo hucheleweshwa makusudi ili sauti yake ifike sambamba na ile inayotoka mbele.

Na picha nayo ina uchelewaji wake. Toka kwenye kamera, ipite kwenye mitambo ya kuchagua picha, kisha kwenye kichakataji cha skrini, fremu kadhaa zimeshapotea. Ndiyo maana mtu aliyekaa karibu na uwanja huona mpira ukipigwa mara mbili: kwanza chini, kisha juu.

Kwa nini hawarudii tukio lenye utata ili sote tuone?

Swali la kila wiki, na lawama huangukia mwendesha skrini, ambaye mara nyingi hana usemi. Kinachoruhusiwa kuonyeshwa huamuliwa na kanuni za shindano. Hofu ni ya kueleweka: watu elfu hamsini wakimwona mwamuzi amekosea, tena mara tatu kwa mwendo wa pole, mwamuzi huyo bado ana dakika arobaini za kumaliza nao uwanjani.

Michezo hutofautiana. Kwenye raga, utamwona mwamuzi mwenyewe amesimama katikati ya uwanja, ameinua shingo akitazama marudio kwenye skrini kubwa pamoja na mashabiki wote, huku akijadiliana na mwenzake aliye kwenye chumba cha video. Soka limekuwa na woga zaidi. Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, la kwanza kutumia VAR (video ya kumsaidia mwamuzi), lilionyesha marudio viwanjani baada ya uamuzi kutolewa. Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza na VAR msimu wa 2019/20, Old Trafford na Anfield havikuwa na skrini kubwa kabisa, mashabiki wa huko wakategemea ubao wa matokeo na kipaza sauti. Kisha, Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 likamfanya mwamuzi atangaze mwenyewe kwa sauti alichoamua baada ya kutazama video.

Maoni yangu? Onyesheni. Watu wale wale wanaonyimwa marudio kwenye skrini wanayatazama kwenye simu zao nusu dakika baadaye, na hasira inakuwa mbili: ya uamuzi na ya kufichwa.

Wachezaji nao huitazama?

Sana. Tazama mbio za mita 10,000: anayeongoza hageuki nyuma, anainua macho kwenye skrini kujua waliobaki wako umbali gani. Kugeuza shingo kunavunja mwendo. Kuinua macho hakugharimu kitu.

Mpira ukiigonga je?

Imeshatokea. Agosti 2009, uwanja mpya wa Dallas Cowboys huko Arlington, Texas, ulikuwa na skrini iliyoning'inizwa juu ya uwanja, ndefu karibu mita 49. Katika mechi ya futiboli ya Kimarekani ya kujiandaa na msimu, mpigaji wa Tennessee Titans, A.J. Trapasso, aliupiga mpira ukaenda kuigonga kwa chini. Ikabidi mpigo huo urudiwe. Skrini ilikuwa kama mita 27 juu ya nyasi, na kwa kanuni za ligi ilikuwa halali.

Inakula umeme kiasi gani?

Ya nje, ikiwaka nyeupe tupu kwa nguvu zote, hula wati 600 hadi 800 kwa mita ya mraba. Ile yetu ya mita 10 kwa 6, yaani mita 60 za mraba, ni kilowati 36 hadi 48. Picha za kawaida zina giza na nyasi ndani yake, kwa hiyo wastani huwa kama theluthi ya hapo. Mwenye shughuli husikia wastani akaleta jenereta ya wastani. Kisha linakuja tangazo lenye mandharinyuma meupe, na kila kitu kinazima kwa mpigo. Jenereta inunuliwe au ikodishwe kwa kilele, wala si kwa wastani, na matangazo meupe mwambie mtengenezaji ayape rangi.

Inaweza kuanguka?

Ndiyo, na hapa sina utani. Julai 2022, kwenye tamasha katika ukumbi wa Hong Kong Coliseum, skrini iliyoning'inizwa juu ya jukwaa ilianguka juu ya wacheza dansi baada ya waya wa chuma kukatika. Mmoja wao aliumia vibaya sana.

Skrini ya nje ina uzito wa kilo 30 hadi 50 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ya mita 60 inafika tani mbili au tatu kabla hujahesabu nguzo. Lakini adui mkubwa wa skrini ya nje ni upepo. Ukuta huo ni tanga la jahazi. Upepo wa kilomita 70 kwa saa unausukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja na nusu. Kwa hiyo chini huwekwa mizigo ya zege au matangi ya maji, na lazima awepo mtu mwenye kipima upepo na mamlaka ya kusema "shusheni", hata kama fainali imefika dakika ya 80. Kabla ya kukodi, uliza jina la mtu huyo. Kama hakuna, tafuta kampuni nyingine.

Kile kiraka chenye rangi tofauti kinatoka wapi?

Moduli moja iliharibika ikabadilishwa na iliyotoka kwenye kundi jingine la kiwandani. Taa za LED hazifanani kundi kwa kundi, na zile za zamani zimeshafifia kidogo kwa kuwaka. Nyekundu ya moduli mpya inakuwa nyekundu mno, kama kiraka kipya kwenye shati kuukuu. Unaponunua skrini, nunua na moduli za akiba za kundi lile lile, siku ile ile.

Watengenezaji hutaja maisha ya saa 100,000, yaani zaidi ya miaka 11 ya kuwaka bila kupumzika, mpaka mwanga upungue nusu. Kwa nilivyoona, kinachokufa kwanza si taa. Ni vifaa vya kugawa umeme nyuma, feni zilizojaa vumbi, na viungo vya kebo vilivyoingiwa na maji.

Fundi, si nachomeka tu kompyuta yangu?

Unaweza. Wakati mmoja mwenye shughuli aliniambia hivyo hivyo, tukachomeka ya kwake. Ikafika dakika ya kimya ya kumkumbuka marehemu. Watu maelfu wameinamisha vichwa, picha ya marehemu imejaa ukuta mzima, na kwenye kona ya kulia likachomoza dirisha jeupe lenye herufi za ukubwa wa mlango: "Ndugu mteja, mkopo wako umepitiliza siku 14." Mtu wa kwanza alicheka kwa kikohozi. Wa pili hakujificha.

Tangu siku hiyo ninakuja na kompyuta yangu, haina intaneti, haina barua pepe, haina hata picha ya familia.

Tukitaka kuwaonyesha watu mechi uwanjani, tunahitaji kibali?

Karibu kila mara. Kulipia king'amuzi cha nyumbani hakukupi haki ya kuonyesha hadharani. Mwenye haki za matangazo ndiye wa kuulizwa, na kwa mashindano kama Kombe la Dunia FIFA wana utaratibu wao wa leseni, hasa ukitoza kiingilio au ukiwa na wadhamini.

Zile za barabarani haziwasumbui madereva?

Zinaweza, ndiyo maana miji mingi huzitaka zionyeshe picha tuli, zibadilike kwa muda uliopangwa bila miondoko, na zipunguze mwanga usiku. São Paulo, Brazili, walikwenda mbali zaidi: mwaka 2007 walipiga marufuku mabango ya matangazo ya barabarani karibu yote. Piccadilly Circus mjini London ni kinyume chake. Matangazo ya taa yako pale tangu mwaka 1908, na mwaka 2017 skrini zilizokuwa zimegawanyika ziliunganishwa zikawa moja iliyopinda kufuata jengo. Hapo watu huenda kwa ajili ya taa zenyewe.

Iliyo kubwa kuliko zote ni ipi?

Inategemea unaita nini skrini. Viwanjani, ile ya SoFi Stadium huko California, iliyozinduliwa 2020, ni duara la umbo la yai lenye pande mbili linaloning'inia darini: mita za mraba 6,500 hivi, pikseli milioni 80, uzito wa karibu tani 1,000.

Nje ya viwanja kuna Sphere ya Las Vegas, jengo la mviringo lililofunguliwa Septemba 2023, ambalo ganda lake lote, kama mita za mraba 54,000, ni taa. Taa hizo ni vibonge milioni 1.2, na kibonge kimoja kiko kama sentimita 20 kutoka kwa jirani yake. Kwa lugha ya mafundi hiyo ni P200. Simama chini ya ukuta wake utazame juu: ni vitaa tu, vimeachana kiasi cha kupitisha mkono katikati. Rudi nyuma mitaa miwili, na jengo zima linakukonyeza jicho.